Urefu Usiotajwa

Mama Kipimo alisahau bega la mteja, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Msicheke kwanza. Mtu mwingine akisahau bega la mtu hakuna wa kushtuka, lakini huyu alikuwa fundi cherehani aliyeweka vipimo vya mtaa mzima kichwani, bila daftari wala kikaratasi. Akikupima leo, ukirudi baada ya miaka mitatu atakutajia kiuno chako cha zamani, kisha atakutazama tumboni na kukuuliza kwa upole siku hizi unakula wapi.

Sasa alikuwa ametoka hospitali, ametolewa mawe kwenye kifuko cha nyongo. Kidonda kilikuwa kinakauka vizuri. Mwalimu mmoja wa chekechea alipita kumjulia hali na, kwa kuwa wateja hawana haya, akaulizia gauni lake.

"Bega lako," Mama Kipimo akasema pale kwenye kochi. Akafumba macho. "Bega lako lilikuwa..."

"Kumi na tano na robo," sauti ikajibu kutoka chumba cha kushonea, nyuma ya pazia.

"Hapo hapo! Ahsante, fundi. Ugua pole." Mwalimu alikuwa ameinamia mkoba wake; akauchukua, akaenda zake.

Sauti ilikuwa ya Mama Kipimo. Na Mama Kipimo alikuwa bado kwenye kochi, mdomo wazi, anaitafuta namba.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Huyu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake pia, uliosema mara chache ila ukichoma. Aliweka sinia chini, akalivuta pazia. Hakuna mtu. Cherehani ilikuwa pale pale, pasi mahali pake, vipande vya vitambaa sakafuni. Ila chumba kilinuka spiriti, ile ya kupakwa kabla ya sindano ya hospitali. Akajiambia ni uchovu. Tangu achukue likizo kazini, kwenye duka la simu, ili amuuguze mama yake, alikuwa halali vizuri.

"Wewe hulali vizuri tangu uzaliwe," baba yake alimtania jioni ile. Baba alikuwa kinyozi, na vinyozi hawajui kunyamaza. "Mchana kufuli, ukilala redio. Juzi umenitajia bei za simu zote za dukani kwenu, hadi chaja."

Sindano alicheka. Mama alicheka pia, akiwa amechelewa kidogo, kama mtu anayefuata wenzake.

Daktari alikuwa amewaonya. Nusukaputi, alisema, huwaacha wengine na ukungu kichwani, wawe na subira, utapita. Basi wakasubiri. Mama akaweka chumvi kwenye chai. Akasahau njia ya chooni, ndani ya nyumba aliyoishi tangu aolewe. Akasahau vipimo, kimoja kimoja, kama mtu anayetembea na mfuko uliotoboka. Asubuhi moja Sindano alikuwa anamsuka, akaona mama anamtazama kwenye kioo kwa adabu nyingi mno.

"Samahani, dada," mama akauliza, "hapa ni kwa nani?"

Sindano alimaliza msuko ule huku machozi yakimdondokea mikononi. Kupotelewa na mama aliyekufa ni msiba, watu watakuja kukufariji. Kupotelewa na mama ambaye unamsuka nywele, nani atakuletea pole?

Na huku mama anapungua, kazi ikawa inaongezeka. Kila alasiri, nyumba ikitulia, baba yuko kazini na mama amelazwa na vidonge vya maumivu, cherehani ilianza kukanyagwa. Sindano akitoka jikoni mbio, akifika, pedali inasimama. Kwenye kamba linaning'inia gauni jipya, limepigwa pasi, bado la moto. Wateja wakafurahi. Nguo ziliwakaa vizuri kuliko zamani. Mwalimu wa chekechea alizunguka mbele ya kioo akasema ugonjwa umemwongezea fundi ujuzi.

"Si anashona?" baba akanong'ona, amejawa na furaha. "Mwache ashone. Kazi ni dawa."

"Baba, mama yuko kitandani."

"Basi anaamka ukiwa jikoni."

"Nakwambia yuko kitandani. Nimeushika mkono wake, na cherehani inalia."

Baba akamtazama, akatazama pazia. Hakusema tena kitu, na kwa kinyozi hilo ni jambo kubwa.

Hapa inabidi niwaeleze desturi ya nyumba ile. Kupima kulikuwa kazi ya watu wawili. Sindano, tangu akiwa mtoto wa kupandia kwenye stuli, ndiye aliyeshika futi mwilini mwa mteja na kutaja namba kwa sauti. Mama, akiwa amekaa kwenye cherehani, aliirudia. Akishairudia imeingia kichwani, haitoki. Na kulikuwa na mwiko mmoja ambao mama aliurithi kwa fundi aliyemfunza kazi: fundi hajipimi, wala hatajiwi kipimo chake. Nguo zake mwenyewe alishonewa na dada yake mkubwa, aliyempima kimya kimya. Vipimo vyote vya dunia vilikuwa kichwani mwa Mama Kipimo, isipokuwa vyake.

Alasiri moja Sindano alikuwa anakung'uta mkeka uani akasikia, "Sindano!"

Jina lake! Ni muda gani hajalisikia kinywani mwa mama yake? Alikuwa "dada", alikuwa "we binti", alikuwa "samahani".

"Abee, mama!"

"Chukua futi, mwanangu. Njoo unipime. Nataka nijishonee gauni la kutokea."

Mkeka aliutupa. Alikimbia, akaitwaa futi kwenye msumari wake karibu na pazia, akaingia chumbani, na kwa furaha ile mwiko ulimtoka kichwani kabisa. Msimlaumu, hata wewe ungekuwa yeye ungesahau. Mama alikuwa amelala chali, amefumba macho. Sindano alidhani anapumzika tu. Akamnyoosha futi begani.

"Bega, kumi na sita."

"Bega, kumi na sita."

Akampitishia futi kifuani, taratibu, asiguse kidonda. "Kifua, arobaini."

"Kifua, arobaini."

Raha iliyoje, kusikia mama anarudia kama zamani! Akataja kiuno, kikarudiwa. Akataja nyonga, ikarudiwa, na ni wakati ule akivuta futi kutoka begani kwenda kifundoni, amejiinamia karibu na uso wa mama yake kiasi cha kuhisi pumzi, ndipo alipoona kwamba midomo ile imekauka na imefungwa, na kwamba haijafunguka tangu aingie, na kwamba namba zote zile zimekuwa zikirudiwa kutoka ng'ambo ya ukuta, nyuma ya pazia, na harufu ya spiriti ilikuwa inaingia kupitia chini ya mlango na kupanda miguuni kwake kama maji ya baridi.

Namba ya urefu aliiona. Hamsini na moja na nusu. Ulimi ukagoma.

"Urefu?" sauti ikauliza.

Sindano akauma mdomo.

"Urefu, mwanangu?" Sasa ilikuwa mlangoni. "Taja urefu, Sindano. Nimekulea, nimekushonea hadi sare ya darasa la kwanza, ya bluu, ukailowesha siku ile ile ukalia, nani mwingine anayelijua hilo, huyo hapo kitandani analijua, hebu mwulize, mwulize kama anajua hata wewe ni nani, taja urefu nikavae nije nikukumbatie."

Futi ilimponyoka. Mama akafumbua macho, akaiona futi kifuani mwake na binti aliyemwinamia, naye akaanza kulia bila kujua analilia nini. Nyuma ya mlango, pole pole, kitu kikarudi kwenye cherehani.

Baba ndiye aliyemleta mganga, bibi mmoja mwenye miwani minene, aliyeingia akilalamika kuhusu magoti yake na kuuliza kama kuna kiti chenye mto.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," baba akasema, sauti haina nguvu.

"Mgeni mwingine amenitangulia," bibi akajibu. Alinusa hewa. "Alipolazwa kwa dawa, mwenye nyumba alitoka, mlango ukabaki wazi. Wako wapita njia. Huyu haibi, anaokota kila anachodondosha mwenye nyumba. Sasa ameokota vya kutosha, anataka kuvaa."

"Kuvaa nini, bibi?" Sindano akanong'ona.

"Mwili ni vazi, mjukuu wangu. Ana bega, kifua, kiuno na nyonga. Urefu hana. Bila urefu hapindi pindo, na bila kupinda havai. Kuna mtu uliyemtajia?"

"Sijamtajia mtu."

"Mdomo wako usiutaje. Hata kwa baba yako."

Bibi alisema alivyookota amevishonea humo ndani, basi walifumua kila nguo iliyoshonwa alasiri zile, hata gauni la mwalimu, aliyelivua huku akinuna. Bibi alifukiza chumba. Kila mshono ulipoachia, mama, kwenye kochi, alirudishiwa kitu: njia ya chooni, bei ya uzi, wimbo wa kubembelezea. Lilipofumuliwa la mwisho alimgeukia Sindano, akamshika mashavu.

"Umekonda," akasema. "Sindano wangu."

Walilia wote watatu. Ndani, pedali iligongwa mara moja, kwa hasira, kisha kimya.

"Bado hajaenda mbali," bibi alisema akivaa viatu. "Kidonda kikipona kabisa atachoka. Hadi hapo, mama yako asilale peke yake."

Sindano akatandika godoro lake sakafuni, kando ya kitanda cha mama. Mchana hakumwacha, usiku alilala amelishika pindo la shuka. Siku zikapita, cherehani ikanyamaza. Harufu ikaisha. Mama alianza kutembea, akaanza kuwatania wateja matumbo yao, na baba akarudi kuwa kinyozi wa kweli, hanyamazi. Nyumba ilipona. Sindano alikuwa na furaha hata akaogopa kuisema kwa sauti.

Asubuhi aliyotakiwa kurudi kazini alichelewa kuamka. Kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa. Alimkuta sebuleni, amesimama mbele ya kioo kwenye mwanga mzuri wa jua, amevaa gauni jipya. Lilimkaa kama ngozi. Pindo lilikuwa limetua juu ya kifundo, wala halikupungua wala kuzidi.

"Umependeza, mama," akasema. Kisha, "Mama mkubwa alikuja lini kukupima?"

"Mama mkubwa wa nini?" Mama alijigeuza, akatazama mgongo wake kiooni. "Bega kumi na sita, kifua arobaini. Urefu hamsini na moja na nusu. Si ulinipima wewe?"

Sindano alilitazama pindo lile.

"Urefu sikuutaja."

"Hukuutaja ukiwa macho." Mama akatabasamu, akaja, akamkumbatia kwa nguvu, na kwenye shingo ile iliyooga asubuhi kulikuwa na spiriti. "Baba yako alikwambia, mwanangu. Mchana kufuli, ukilala redio."

Sindano hakuweza kupiga kelele. Mikono ilimshika sawasawa, mikono ya mama yake, yenye alama za sindano kwenye vidole. Na akiwa ndani ya mikono hiyo, uso wake umeelekea chumba cha kushonea, aliliona pazia likitikisika, na akasikia kutoka nyuma ya pazia hilo sauti anayoijua, ndogo, yenye adabu nyingi mno.

"Samahani, dada. Hapa ni kwa nani?"