Mbwa Mweupe wa Mjane Tuohy

Wewe umewahi kusikia mbwa akikwaruza mlango wa nyumba ambayo haijafuga mbwa tangu enzi za babu wa babu? Dervla Tuohy alisikia, Jumanne saa nane mchana, mvua ya jimbo la Clare, Ireland, ikinyesha kwa uvivu wake wa kila siku. Alipofungua hapakuwa na kitu, ila harufu ya manyoya yaliyolowa.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, digrii ya historia iliyotundikwa ukutani kama kalenda ya mwaka jana, na barua kumi na tisa za "tunasikitika kukufahamisha". Kazi pekee aliyopata alipewa asubuhi ile na baba yake, Fachtna.

"A stór, hazina yangu," alimwambia, akimsukumia daftari kuukuu. "Wewe si umesoma? Tuandikie ukoo. Jina la Tuohy limetufikiaje, nani kamzaa nani."

"Na mshahara?"

"Chai na mkate."

"Basi nimepanda cheo."

Daftari lilianza kwa mwandiko wa babu yake, likaendelea kwa wa Fachtna, na wote wawili walikwama mwaka uleule, 1871. Dervla akaandika jina lake chini ya yao, kwa wino. Baada ya chakula cha mchana, mlango ukakwaruzwa.

Sensa za zamani zilipotea, nyingine kwa moto. Kila anayetafuta mababu Ireland analijua hilo na kulilaani. Vitabu vya leseni za mbwa vimesalia. Dola ilipoteza watu, ikatunza mbwa. Alhamisi, maktabani, Dervla akawakuta. Mwaka 1870: Honora Tuohy, mjane, mbwa mweupe. Jirani yake, Thady Looby, mbwa mwekundu. Mwaka 1871 mjane hayupo, mbwa mweupe hayupo, Looby hayupo. Nyumbani kwa mjane anaishi Thady Tuohy, mwenye mbwa mwekundu.

Thady. Babu wa babu yake. Mkataba wa shamba ulikuwa wa kina Tuohy. Asiye na jina hilo hakuwa na shamba. Basi Looby alichukua vyote: nyumba, shamba na jina.

Alirudi nyumbani. Fachtna alikuwa jikoni akipaka mkate siagi, akiimba puani, uso umenawiri kama wa mtu aliyelala wiki nzima.

Mlango ukakwaruzwa.

"Baba, unasikia?"

"Hapana." Akaweka kisu chini. "Sisikii tena."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne." Hakumtazama. "Miaka thelathini na moja, Dervla. Babu yako alinipa daftari nikiwa na umri wako. Jini lile humfuata aliyeandika jina mwisho."

"Ukanipa mimi."

"Wewe huna kazi, huna watoto. Nilidhani..."

"Ulidhani nina nafasi."

Kucha zikapanda kutoka chini ya mlango hadi kwenye kitasa, polepole, na harufu ya manyoya yaliyolowa ikaingia pamoja na harufu nyingine ya udongo wa mtaroni na nguo zilizoozea mwilini, na moto wa jikoni ukainama kana kwamba mtu amepita mbele yake, na nyuma ya ubao ule mwembamba pumzi ya mbwa ikageuka kidogokidogo kuwa pumzi ya mwanamke, kisha sauti, karibu kabisa na tundu la ufunguo, yenye adabu ya jirani aliyekuja kuazima chumvi:

"Nani yumo nyumbani mwangu?"

 Dervla alilichukua daftari, akakata kwa kalamu jina lake, akalisukuma juu ya meza hadi likagonga sahani ya siagi.

"Andika Looby," alinong'ona. "Andika Thady alimfanyia nini mjane yule. Babu alijua, wewe umejua, mkakaa kimya mkingoja mtoto wa kumtwisha. Mimi sina wa kumpa, na hata ningekuwa naye nisingempa. Andika, Baba. Halafu inuka, ufungue mlango, umjibu mwenyewe, kwa jina letu la kweli."