Darubini Iliyosomwa Badala ya Kutazamiwa

Kila jioni, akishamaliza kufagia ua, Chiriku alifuta darubini ya shangazi yake. Shangazi alikuwa askari wa hifadhi, na darubini ilirudi imejaa vumbi. Chiriku alipuliza vumbi kwanza, kisha akafuta lenzi taratibu kwa kitambaa laini. Jina hilo la ndege alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku ya mashindano ya kuhesabu ndege, shangazi alimwazima darubini hiyo. Kila shule iliruhusiwa mtazamaji mmoja na darubini moja. Chiriku alikuwa amejifunza ndege mwaka mzima akiitamani nafasi hiyo.

Kando ya bwawa, mwanafunzi mwenzake waliyemwita Bosi aliigeuza ile darubini, akasoma maandishi ya chini, akaangua kicheko.

"Imetengenezwa Uchina! Jamani, huyu katuletea kitu cha kuchezea watoto! Yangu ni ya Ujerumani, ya babu. Someni wenyewe!"

Wenzao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu akasoma zote mbili. "Tutatumia ya Ujerumani. Bosi, utatazama wewe."

Damu ikamchemka Chiriku. "Mwalimu, umesoma tu! Hujatazama!"

"Chunga ulimi wako."

"Nisamehe, mwalimu, lakini si haki! Darubini ni ya kutazamia, si ya kusomea. Zipime zote mbili. Yangu ikishindwa, nitakaa chini ninyamaze."

"Wewe? Unyamaze?" Bosi akadakia, na kicheko kikaanza upya.

Mwalimu hakucheka. Aliinua darubini ya Bosi, akaielekeza kwa ndege mweupe aliyesimama ng'ambo. Akakunja uso, akafikicha macho, akatazama tena.

"Mbona nawaona wawili?"

"Ni mmoja, mwalimu," wanafunzi wakajibu.

Akachukua ya Chiriku. Akamwona ndege mmoja, wazi kabisa, hata jicho lake la njano.

Bosi akainamisha kichwa. "Juzi ilianguka ngazini," alinong'ona. "Lakini ni ya Ujerumani!"

"Nimekosea," mwalimu alisema. "Chiriku, kazi ni yako."

Chiriku aliifanya vizuri, lakini hasira haikumtoka. Walipomaliza, alimwendea Bosi na kumpigia kelele mbele ya wote: "Ya Ujerumani ni takataka! Kamrudishie babu yako!"

"Nyamaza!"

Ilikuwa sauti ya shangazi, aliyekuwa amefika kuchukua darubini yake na kusimuliwa na mwalimu yote yaliyotokea. Uso wake ulikuwa mkali kuliko Chiriku alivyowahi kuuona. Alipokea darubini ya Bosi, akaitazama kwa makini.

"Vioo vya ndani vimehama kwa kuanguka. Fundi akivirudisha, huenda hii ikaishinda yangu. Chiriku, ulipodai zipimwe, hasira yako ilikuwa ya haki. Sasa unamfanyia mwenzako kosa lile lile ulilofanyiwa!"

"Lakini shangazi, yeye ndiye aliyeanza!"

"Na wewe unaendeleza. Sikilizeni nyote. Jina la nchi linakwambia kitu kilikotoka, halikwambii kilivyo. Kila nchi inatengeneza vizuri na vibovu. Kishike, kitazame, kilinganishe, ndipo useme. Mungu hakutupa macho ya kusomea vibandiko tu. Na watu msiwapime kwa walikotoka."

Akiwa bado amenuna, Chiriku alitoa kitambaa laini mfukoni, akamnyooshea Bosi.

"Nisamehe," alisema. "Puliza vumbi kwanza, ndipo ufute."