Kuni Badala ya Maji

Kila nikitoka shule kazi yangu ni ile ile: kubeba ndoo, kwenda bombani, kupanga foleni. Hapa Newala maji hayana haraka. Siku hiyo ndoo zilikuwa zimefika hadi barabarani, na mimi nilikuwa hoi. Potelea mbali! Nikaiacha foleni, nikaingia kwenye mikorosho, nikaokota kuni mzigo mzima. Shingo nusura ivunjike.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikitua mzigo kwa maringo.

"Marahaba. Maji yako wapi?"

"Foleni ndefu, mama. Nimeleta kuni. Tena ni nzito kuliko maji!"

Mama alikuwa kwenye kigoda, sufuria tupu mbele yake. "Shamila mwanangu, kuni tunazo. Sasa ugali nitausonga kwa kuni tupu, bila maji?"

Nilijua dada Zena atanicheka. Dada anasomea uchumi chuo kikuu, alikuwa likizo, na mama na shangazi zetu walishashona sare za mahafali yake. Lakini dada hakucheka. Alianza kulia.

"Mama, hata mimi nimeleta kuni," akasema. "Kulikuwa na masomo mawili ya uchumi ya lazima. Nikachukua mawili ya hesabu badala yake, mojawapo takwimu. Nilijua hesabu ni ngumu zaidi, nikadhani watazikubali tu. Sikumwuliza mtu. Sasa jina langu halimo kwenye orodha ya wahitimu. Wiki ya tatu hii nawaficha."

Mama akaisogeza sufuria kando. Nilimwonea dada huruma mpaka nikasahau shingo yangu.

"Umeongea na mkuu wa idara?" mama akamwuliza.

"Bado. Naogopa."

"Kesho utampigia, mimi nikiwepo."

Asubuhi dada alipiga simu, mama akiwa kando yake. Mkuu wa idara alisema aandike barua ya maombi. Somo la takwimu litakubaliwa, kwa sababu linafanana na mojawapo ya yale ya uchumi. Lile jingine la uchumi hapana, lazima alisome. Kwa hiyo mahafali yake ni mwakani.

Mama akaikunja sare yake, akaiweka sandukuni.

"Mmefanya kazi ngumu nyote wawili, sikatai," akasema kwa uchovu. "Lakini mkitaka kubadilisha kazi mliyopewa, ulizeni kwanza. Na mkikosea, semeni mapema. Zena, hiyo barua ingekuwa imeshafika chuoni."

Kisha akatukabidhi ndoo mbili. Foleni ilikuwa ndefu kama jana. Dada alisimama nyuma yangu, macho mekundu, na hakuna kati yetu aliyetoka kwenye foleni mpaka zamu yetu ilipofika.