Ng'ombe wa Ada ya Urubani

Inspekta Ferista alipofika Mbangala hakukuta maiti. Jambo hilo lilimsikitisha Koplo Lusungu, ambaye alikuwa amebeba glavu mpya na utepe wa kuzungushia eneo la tukio. Walikuta zizi la miiba lenye mwanya upande mmoja, na ndama aliyekuwa akilia tangu alfajiri. Ndama huyo ndiye pekee aliyeshuhudia uhalifu, na kwa bahati mbaya hakuna kifungu cha sheria kinachoruhusu kumwapisha.

"Wamemchukua mama yake," alisema Mzee Makoye, mwenye zizi. "Na wengine. Ng'ombe wa rubani, afande."

"Wa nani?"

"Wa rubani."

Mzee alieleza. Mwanawe Ayoub alikuwa amemaliza chuo mwaka jana, na sasa amepata nafasi ya kusomea urubani Afrika Kusini. Benki ilitaka hati ya kiwanja. Ng'ombe hawana hati, wana kwato. Wafadhili waliandikiwa, wakajibu kwa kumtakia kila la heri. Ndipo Mzee aliposimama mnadani mbele ya watu na kutangaza kwamba anauza nusu ya zizi, ili ukoo wa Makoye nao upate mtu wa kupita juu ya vichwa vya wengine.

Mnunuzi, Zahoro wa Tunduma, alikuja jana kuchagua. Ili pasiwe na ubishi, kila ng'ombe alipakwa rangi ubavuni: nyekundu kwa anayeuzwa, kijani kwa anayebaki. Leo Zahoro alitakiwa aje na lori na pesa.

"Na amekuja," Mzee alisema, akimnyooshea fimbo mtu aliyeketi kivulini mwa lori. "Mwizi ndiye huyo. Kachukua usiku ili asilipe mchana."

Zahoro alikuwa mnene, mwenye baragashia safi na subira ya mtu aliyezoea foleni za mpakani.

"Usiku ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Nyumba ya wageni, Mkwajuni. Nililala na kunguni. Waulize, wananijua."

"Unamdai mzee huyu chochote? Mna ugomvi?"

"Hatukuwa nao mpaka asubuhi hii."

"Ng'ombe wako wako wapi?"

"Si hao hapo, afande." Zahoro alinyoosha kidole zizini. "Fahali wangu wote wapo, kasoro mmoja. Mimi niibe, niwaache wanono niliowachagua mwenyewe, niondoke na bibi kizee asiye na meno? Nitukaneni kwa mengine, si kwa kazi yangu."

Inspekta aliingia zizini. Ilikuwa kweli; Mzee kwa hasira alikuwa amehesabu vichwa bila kutazama rangi. Fahali wenye rangi nyekundu walikuwa wanatafuna kwa amani. Waliokosekana karibu wote walikuwa wa kijani: wakondefu, wazee, na mama wa ndama.

Swali lilimwasha kama upupu. Mwizi gani anaingia kwenye zizi lililokwisha chambuliwa na mtaalamu, halafu anabeba makapi?

Wakati huo Koplo Lusungu alikuwa amepiga magoti, anapiga picha nyayo kwa uangalifu mkubwa.

"Za nani?" Inspekta aliuliza.

"Za ng'ombe, afande."

Chakula kilikuja. Kwa Makoye mgeni hali njaa, hata kama amekuja na pingu. Stamili, binti wa nyumba, aliandaa ugali, maziwa ya mgando na kachumbari. Inspekta alitafuna nyanya, akasikia taya likilalamika.

"Nyanya hizi kachuma nani?"

"Kaka Ayoub," Stamili alisema, akicheka. "Huyo ukimtuma bustanini anakuletea mbichi tupu. Marehemu mama alikuwa anamchapa, anadhani ni kiburi."

"Tangu lini?"

"Tangu mdogo. Na chuo kasoma, lakini nyanya bado zinamshinda."

Inspekta aliacha kutafuna. Alitazama zizi, akatazama kachumbari, kisha akanawa mikono.

Ayoub alikuwa chumbani, ameketi mbele ya boksi kubwa la televisheni. Juu yake alikuwa amechora saa na vipimo vyote vya chumba cha rubani, kwa mkono mzuri. Stamili alisema amekaa hivyo tangu arudi kutoka Dar es Salaam alikokwenda kupima afya.

"Hii inasomwaje?" Inspekta aliuliza, na hakuwa anaigiza. Alitaka kujua kweli.

Kijana alichangamka. "Hapa ni mwinuko. Hapa kasi. Hii inakuonyesha kama mabawa yamelala sawa hata ukiwa ndani ya wingu."

"Na taa hizi pembeni?"

"Ni za uwanja. Ukija kutua, ukiona nyeupe tupu uko juu mno. Nyekundu tupu, uko chini mno. Na kuna za kijani, zinaonyesha njia inapoanzia."

"Na mtu asiyeweza kuzitofautisha?"

Ayoub alianza kufuta vumbi juu ya boksi.

"Twende zizini, kaka. Ukanionyeshe ng'ombe mmoja wa kijani."

Mzee Makoye alisimama mlangoni mwa zizi akitazama. Ayoub alizunguka taratibu, akiinama kwenye kila ubavu kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika. Mwisho aliweka mkono juu ya fahali.

"Huyu."

Rangi ilikuwa nyekundu kama pilipili.

"Acha utani, mwanangu," Mzee alisema.

Ayoub hakucheka. Koplo Lusungu alichomoa karatasi ya kuandikia maelezo ya onyo. Inspekta akamwashiria airudishe mfukoni.

"Umewaficha wapi?" aliuliza.

"Porini, upande wa Galula. Kuna rafiki yangu anachimba dhahabu huko. Wanakula, wanakunywa."

"Kwa nini hukuchukua wote?"

"Kuchukua wote ungekuwa wizi, afande. Nilitaka wa kuuzwa tu. Nilijua rangi ni mbili, moja imekoza kidogo kuliko nyingine. Nikabahatisha ipi ni ipi."

"Mbona hivyo?" Mzee aliuliza, na sauti ilikuwa ndogo kuliko fimbo yake.

Ayoub alijibu akitazama kwato. "Daktari alinipa kitabu chenye vidoti vya rangi, baba. Wenzangu wakaona namba. Mimi nikaona vidoti. Akasema macho haya hayawezi kurusha ndege za abiria. Na wewe ulishatangaza mnadani. Nikawaza, ng'ombe wakiibwa, nitakuwa nimekosa urubani kwa sababu ya wezi. Watu watakupa pole. Hawatakucheka."

Ndama alilia tena. Mzee Makoye aliwatazama fahali wake wanono, mmoja baada ya mwingine.

"Ng'ombe wa ada wamo zizini," alisema. "Anayekosekana ni rubani."

Hata Zahoro alivua baragashia.

"Tunauza, mzee wangu, au hatuuzi?" aliuliza baadaye, kwa upole.

"Hatuuzi. Na unisamehe, nilikuita mwizi mbele ya polisi." Mzee akamgeukia Inspekta. "Sheria inasemaje?"

"Kwanza inamsikiliza mwenye mali."

"Mwenye mali anasema akawarudishe. Kwa miguu. Aanze na mama wa ndama."

Ayoub alipiga hatua, akasimama. "Na mnadani, baba? Watauliza."

"Mnadani nitasema mimi," Mzee alisema. "Mdomo uliotangaza ndio utakaotangua. Nenda."

Jioni ng'ombe walirudi, na shahidi mkuu akanyamaza kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa. Inspekta alipopanda pikipiki, Ayoub alimkimbilia na mfuko. Alikuwa amepita bustanini kumchumia zawadi, na safari hii, alisema, alichagua kwa makini.

Inspekta Ferista alifungua mfuko. Nyanya zote zilikuwa kijani kibichi.

"Nzuri sana," alisema, akazipokea kwa mikono miwili.

Alizipanga dirishani kituoni, akamkataza Koplo Lusungu kuzigusa. Ziliiva.