Jina la Marehemu

"Malkia wangu amekufa! Nani atanifumba macho?"

Pélagie alipaza sauti bandarini Kalundu, akishindana na kelele za wapagazi na mashua zinazoshusha ndagala, visamaki vya ziwani. Mwalimu huyu wa sekondari alikuwa anajipima sauti tu, karatasi mkononi, kitenge cha manjano kimemkaa vizuri. Lo! Wauza samaki wakatua mabeseni, wakaanza kumpa pole. Kijana mmoja mwenye shati jeupe akatoa simu yake.

"Pole sana, dada. Minye ni Vainqueur, ninasomaka matangazo ya vifo ku radio. Jina ya marehemu?"

"Marehemu iko mu mchezo wa zamani!" Pélagie akacheka mpaka akashika mbavu.

Wakapendana, msiniulize mengi. Ikawa simu asubuhi, simu jioni, "Chérie, umekula?"

Shida ilikuwa darasani kwake, kule Kimanga, walikopaswa kuusoma mchezo huo. "Kwa sauti, wa nyuma hawasikii!" Pélagie aliwasihi kila siku, lakini wanafunzi waliuogopa kwa vifo vyake. Déborah, msomaji hodari kuliko wote, alifika penye "ninakufa", akafunika karatasi.

"Madame, nakataa kwa jina la Yesu! Kinywa kinaumba."

Préfet, mkuu wa shule, akakata shauri: wasiposoma mbele ya wazazi Ijumaa, mchezo unafutwa.

Pélagie si mtu wa kurudi nyuma. Akamleta Vainqueur awaonyeshe mfano, yeye mfalme, Pélagie malkia aliyelala sakafuni. Sauti ya redio ikanguruma vizuri hadi "Malkia wangu...", ikakatika. Kijana akaweka karatasi mezani, akatoka.

"Munaona? Hata muntu ya radio anaogopa!" wanafunzi wakasema.

Jioni simu ikawaka moto.

"Umeniaibisha mbele ya watoto, Vainqueur!"

"Kifo ya mama yangu ni minye niliisoma ku radio. Weye siwezi kukutangaza, hata kwa mchezo. Ninakupenda, Pélagie."

"Basi nipende kwa sauti! Hawa watoto wamezika watu wao, wakaambiwa wanyamaze. Mule mchezoni mna maneno ya kulilia. Ijumaa nitasoma, uje usije."

Akakata. Kisha akalia, maana alimpenda kweli.

Ijumaa wazazi wakajaa kwenye madawati. Pélagie akasoma peke yake mpaka malkia akafa, akalala chini. Mfalme hayupo. Mara ile sauti ya redio ikatoka mlangoni:

"Malkia wangu amekufa! Nani atanifumba macho?"

Ilitetemeka, lakini haikukatika. Mama mmoja wa mbele akashika kichwa, akalia. Hapo Déborah akasimama, akayashika maombolezo ya watu wa mji kwenye karatasi, na darasa zima likamfuata. Hakuna aliyenong'ona.

Watu walipokwisha kufuta machozi, Vainqueur akakohoa kama yuko redioni.

"Tangazo. Familia ya Vainqueur, ya Kalundu, inajulisha ndugu na marafiki kwamba marehemu Pélagie iko muzima kabisa, na inaomba kufika kwa baba yake na mahari."

Darasa likalipuka kwa vigelegele. Pélagie akainuka, vumbi limejaa kitenge, macho mekundu, akamkazia uso wa ualimu.

"Soma tena, kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia."