Mfereji wa Barafu

Kisomatope, chombo cha kuchunguza tope, kilitambaa taratibu kwenye sakafu ya bahari ya kusini kabisa, kikinyonya tope na kulisoma tabaka kwa tabaka. Huko juu, ndani ya kituo kinachoelea, Dakta Tunu Shaame alikikodolea macho kiooni. Yeye ndiye aliyekibuni. Wataalamu walikisifu kwa kufichua mienendo ya bahari: penye mkondo mkali tope laini huchukuliwa, mchanga mzito ukabaki; penye utulivu tope hutua na kufunika kila kitu.

Wachache walijua kuwa alikibuni kwa ajili ya mumewe. Khatibu alizama hapo na nyambizi yake ndogo, na wazamiaji hawakuweza kumfikia. Lakini Tunu aliijua sehemu ile. Mkondo wake ni mpole. Tope lingekuwa limemfunika Khatibu, likamtunza.

"Tumefika," alisema Makungu, mwendesha mashine. Kisha akaondoa mikono kwenye usukani.

"Kuna nini?"

"Tazama mwenyewe, Dakta."

Sakafu ilikuwa imechanika. Mfereji mpana ulipita palepale, kingo zake zimetifuka kama shamba lililolimwa kwa trekta. Mlima wa barafu, tumbo lake likigusa chini, ulikuwa umesukumwa na mkondo wa mbali ukakwangua kila ulichokikuta. Kisomatope kikatoa majibu: tope la kale na la juzi limevurugika pamoja, na ndani yake chembe za chuma cha nyambizi. Basi.

"Tusogee mbele kidogo," alisema Tunu.

"Dakta, hapa hapana..."

"Nimesema tusogee, Makungu!"

Waliufuata mfereji hadi ulipoishia. Chembe zilizidi kupungua, mwisho zikatoweka.

Kulipokucha alimpigia simu mkwewe, Bi Mize, kule Wete. Mama huyo alikuwa ameshaweka sanda tayari.

"Mmempata mwanangu?"

Tunu alikuwa amejiandalia la kusema: kwamba amelala pazuri, hajaguswa. Akaliacha.

"Hatukumpata, mama. Barafu ilitutangulia. Hakuna cha kuzika."



"Basi rudi wewe," alisema Bi Mize. "Miaka yote hii, mwanangu, nimekuwa nikiwangoja wawili."

Hapo ndipo Tunu alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Khatibu azame.