Nitambulishe Mbele Yao

Ukumbi wa maonyesho ya biashara ulikuwa umefurika. Dada mmoja, mwenye karakana ya samani, alisimama kando ya viti vyake, gauni la kijani limemkaa sawasawa, vumbi la mbao bado kiwikoni. Kijana wa suti ya kijivu akapita mbio, akamrushia kadi mezani bila hata kumtazama.

"We kaka! Unanirushia kadi kama unamrushia kuku mahindi?"

Kijana akaganda. Na kazi yake, aibu gani hii, ilikuwa kuwafundisha wenzake wa kampuni namna ya kuwapokea wageni wa kila taifa: nani anainamiwa, nani anapewa mkono. Akaiokota kadi, akampa upya kwa mikono miwili, kichwa chini. Dada akacheka mpaka akakalia kiti cha kuuza.

Tangu siku ile simu kati yao zikawa haziishi.

"Umekula, roho yangu?"

"Nile vipi na hujapiga?"

Haukupita muda kijana akamchumbia, akakubaliwa.

Kisha kampuni ya kijana ikaandaa hafla ya siku mbili ya wanunuzi kutoka ng'ambo, dada akaalikwa na viti vyake. Kiongozi wa wageni, mama mwenye miwani, akauliza, "Na huyu ni nani?"

Kijana akakohoa. "Ni... mmoja wa wauzaji wetu."

Jamani! Mtu aliyemwita roho yangu asubuhi ile ile!

"Mimi ni mchumba wake," dada akasema, sauti ikafika mlangoni. "Yeye akiona haya kusema, mimi sioni." Akabeba mkoba, akaondoka.

Simu ikalia kabla hajafika nyumbani.

"Mpenzi, nisikilize. Kwa wageni wale, kuchanganya uchumba na biashara ni upendeleo. Kampuni imekataza. Ni adabu ya kazi tu."

"Siwezi kuwa mkeo nyumbani na muuzaji mbele za watu."

"Lakini mpenzi..."

"Kaioe hiyo adabu yako!" Akakata.

Kesho yake kijana akatokea karakanani, macho mekundu, hana tai. Mafundi wakazima misumeno wapate kusikia vizuri, wambea wale. Kijana akampigia bosi wake, akaweka sauti ya simu nje wote wasikie.

"Bosi, yule dada ni mchumba wangu. Leo nakuja naye kuwaambia wageni kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Kanuni zetu unazijua?"

"Nimeziandika mimi. Hiyo ya wachumba niliikosea."

"Ukiingia naye, kazi huna."

"Nitaingia naye."

Dada akajifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa anampenda, hata jana alimpenda, ndiyo maana iliuma vile.

"Wakikufukuza?"

"Utaniajiri nifagie."

"Wewe? Hata ufagio hujui kuushika!" Akacheka, machozi yakimtoka.

Mchana ule wakaingia ukumbini pamoja. Wageni wote wakageuka, bosi akasimama amekunja uso.

"Wanatuangalia," dada akanong'ona.

"Waache waangalie," akasema, akamshika mkono, akaenda naye moja kwa moja mpaka kwa yule mama mwenye miwani. "Jana nilikudanganya, mama. Huyu ndiye mke wangu mtarajiwa."